Simu Iliyokaa Kwenye Msumari

Miaka ile, kabla Simiyu haijawa mkoa, simu ya mzee Jilala wa Lingeka haikukaa mfukoni. Ilikaa kwenye msumari.

Ndani ya nyumba hapakuwa na mtandao hata kidogo. Siku aliponunua simu hiyo, Jilala alizunguka nayo uani tangu asubuhi, mkono juu, kama mtu anayetafuta ndama aliyepotea. Kwenye nguzo ya baraza, juu kidogo ya kichwa chake, akaona alama tatu za mtandao. Akapiga msumari palepale. Akakata kibuyu kidogo, akakitia kamba, akakitundika. Simu ikapata nyumba yake.

"Atakayeishusha, tutakosana," alisema.

Hakuwa akitania. Mwanawe wa pekee, Luhende, alikuwa fundi wa barabara huko Songea. Alipiga simu kila Ijumaa baada ya saa tisa. Basi kila Ijumaa Jilala alioga mapema, akavaa shati safi, akakaa chini ya msumari. Ukimsalimu wakati huo, alikujibu kwa kichwa tu.

Mkewe, mwalimu Felisita, alimcheka. "Baba Luhende, unamwogea mtu asiyekuona?"

"Hanioni, lakini ananisikia," alijibu Jilala.

Felisita alifundisha darasa la kwanza. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi. Alisoma stashahada ya ualimu akiwa nyumbani, kwa masomo ya masafa. Miaka mitatu aliamka alfajiri, akasoma, kisha akaenda kufundisha. Sasa alibakiwa na kazi moja ya kuandika. Ilihusu watoto wanaozungumza Kisukuma nyumbani, na jinsi wanavyojifunza kusoma Kiswahili. Ilitakiwa kufika chuoni kwa barua pepe, siku ya Ijumaa, kabla ya saa kumi jioni. Isipofika, angerudia mwaka mzima.

Kuandika hakukuwa shida. Alikuwa na kompyuta ndogo ya mtumba. Aliitunza chumbani, ameifunga kwa kitenge isiingie vumbi. Shida ilikuwa kutuma. Siku zote alipanda basi mpaka Bariadi, kwenye duka la intaneti la mtaa wa Somanda. Lakini Alhamisi hiyo basi liliharibika. Dereva akasema halitatembea mpaka Jumamosi.

Felisita akakumbuka waya. Mwenye duka la Somanda alimpa waya huo zamani, akamwekea na programu yake kwenye kompyuta. "Mwalimu, siku moja simu yako itakuletea intaneti nyumbani," alimwambia.

Felisita akangoja mumewe aende kunywesha ng'ombe. Akaishusha simu kibuyuni. Akaipeleka chumbani, akaiunganisha na kompyuta kwa ule waya. Kompyuta ikakataa. Akajaribu mara ya pili na ya tatu. Bado ikakataa.

"Kompyuta hii ni mbovu," alisema. Akairudisha simu msumarini upesi kabla ya mwenyewe kurudi.

Ijumaa saa nane alitoka shuleni, akaketi barazani akalia. Jilala, ambaye tayari alikuwa ameoga, akampa maji ya kunywa.

Ndipo akaingia Mariana. Alikuwa binti kutoka Nassa, kando ya ziwa, wa ukoo wa wavuvi, na alipanga chumba kwa jirani. Alikuwa karani wa pamba. Miaka ile kampuni za pamba zilikuwa nyingi, kila moja na mzani wake na karani wake. Kampuni za simu nazo zilikuwa nyingi, zikipaka maduka rangi zao mpaka kituo chetu kikafanana na kanga.

"Mwadila, mayu," Mariana alimsalimu mama huyo kwa Kisukuma. "Mbona machozi?"

"Mwadila, ng'wana wane, mwanangu." Felisita akamweleza yote, hata habari ya kuishusha simu. Jilala akakohoa.

"Uliiunganishia wapi?" Mariana akauliza.

"Chumbani. Kompyuta inakaa chumbani."

"Na huko chumbani simu inashika mtandao?"

Felisita akajipiga paji la uso.

"Kompyuta yako si mbovu, mwalimu," Mariana akasema. "Mimi kila jioni natuma ofisini Bariadi kilo za pamba kwa njia hiyohiyo. Simu inafanya kazi ya modemu. Inachukua intaneti hewani, inaipa kompyuta kupitia waya. Lakini simu haiwezi kutoa isichokuwa nacho. Iache palepale penye mtandao. Kompyuta ndiyo iifuate."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Jilala akasema, akainuka.

Waya ulikuwa mfupi na msumari ulikuwa juu. Jilala akaleta meza. Juu ya meza akapindua kinu. Juu ya kinu wakaweka kompyuta. Felisita akapanda kigoda, miwani puani, akafanana na mhubiri aliyepewa mimbari ya kutwangia. Mariana akacheka mpaka akashika nguzo.

"Kwanza nunua kifurushi cha intaneti," Mariana akaelekeza. "Ukitumia salio la kawaida, litaisha upesi. Sasa chomeka waya. Fungua ile programu, bonyeza 'unganisha'. Funga kila kitu usichokihitaji, maana kompyuta ikiona intaneti hupenda kujichukulia mambo yake, na kifurushi kinakwisha."

Wakangoja. Kompyuta ikaandika kwamba imeunganishwa. Felisita akashusha pumzi. Akafungua barua pepe taratibu, akaambatisha kazi yake, akabonyeza 'tuma'. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Mstari mdogo ukaanza kusogea, mwendo wa kobe.

Hapo simu ikaita ndani ya kibuyu.

Alikuwa Luhende. Mkono wa Jilala ukaenda juu wenyewe, kama ulivyozoea.

"Baba, subiri!" Mariana akasema. "Simu hii haiwezi kuongea na kutuma kwa wakati mmoja. Ukipokea, intaneti itasimama, na huenda tukaanza upya."

Mkono ukabaki hewani. Simu ikaendelea kuita. Tangu upigwe msumari ule, Jilala hakuwahi kumwacha mwanawe aite bila kujibiwa. Akamtazama mkewe juu ya kigoda. Felisita hakumwomba kitu; aliishika kompyuta kwa mikono miwili.

Jilala akaushusha mkono, akautia mfukoni. Simu ikanyamaza. Ikaita tena. Safari hii Jilala akageuka, akatembea mpaka zizini, akasimama katikati ya ng'ombe asiisikie. Ilimuuma sana.

Simu ilipokoma, mstari ulikuwa umesimama. Felisita akafumba macho. Alipofumbua, ulikuwa unasogea tena. Saa kumi kasoro dakika sita, kompyuta ikaandika: imetumwa. Baada ya kitambo kidogo chuo kikajibu: kazi yako imepokelewa.

"Baba Luhende!" Felisita akaita kwa sauti iliyofika mpaka kisimani. "Imefika!"

"Kata intaneti kwanza," Mariana akamkumbusha. "Ukimaliza kazi, kata. Usiiache wazi."

Jilala akarudi mbio, akapiga simu Songea.

"Baba, mnaumwa?" Luhende akauliza. "Nimepiga mara mbili. Nimeogopa."

"Hatuumwi, mwanangu. Simu ilikuwa kazini. Mama yako alikuwa anamaliza shule."

Upande wa pili Luhende akaanza kucheka na kulia pamoja.

Felisita alipata stashahada yake mwaka uleule. Walimu wenzake wakaanza kuja barazani na kompyuta zao, akawafundisha kama alivyofundishwa. Leo hata waya hauhitajiki. Simu yake mpya hugawa intaneti hewani, naye huwaambia wageni wake: "Wekeni nywila, asiyehusika asiingie. Nunueni kifurushi. Mkimaliza, zimeni." Mtandao nao sasa unashika mpaka chumbani. Hata hivyo Felisita hukaa palepale barazani, maana amepazoea.

Mwaka jana walipiga nyumba plasta. Fundi akakuta msumari wenye kutu kwenye nguzo, akachukua koleo.

"Mzee, huu wa nini? Niung'oe?"

"Uache," Jilala akasema. "Hapo ndipo nilipomwacha mwanangu aite, ili mke wangu apite."

Fundi akapaka plasta kuuzunguka. Felisita alikuwa mlangoni, akasikia. Ilikuwa Ijumaa. Akaingia ndani, akamtolea mumewe shati safi.