Tundu la Kumi na Tatu

Kila asubuhi Nyota alikuwa na kazi tatu kabla ya kwenda shule: kufagia uwanja, kuteka maji kwenye bomba la mtaa na kumchemshia baba yake chai. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na kwao kulikuwa Kabondo, katika mji wa Kisangani. Kazi hizo alizifanya huku akiimba nyimbo za chama ambazo wanafunzi waliimbishwa kila siku mbele ya bendera. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Jumamosi mchana. Salongo ikiisha, yaani ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, yeye na baba yake waliingia chini ya kibanda cha nyuma wakaanza kutengeneza mashine.

Baba yake, Papa Assumani, alikuwa fundi wa pampu katika kiwanda cha vitambaa. Alitoka Maniema akiwa kijana, na shule ya msingi hakuimaliza, lakini pampu iliyomshinda yeye ilikuwa ya kutupa. Kiwanda kile kilitia vitambaa rangi. Maji machafu, leo ya buluu, kesho mekundu, yalimwagwa mtoni bila haya wala soni. Wavuvi wa kabila la Wagenia, wanaovua kwenye maporomoko ya mto, walilalamika mpaka sauti zikawakauka.

"Assumani, maji yenu inaua samaki yetu," Papa Anselme, mvuvi mzee, alimwambia siku moja. "Wakubwa wenu wako wanakula nyama ya ng'ombe. Sisi na batoto yetu tutakula nini?"

Wakubwa waliziba masikio. Assumani hakuweza. Alimwomba Anselme vibofu vya hewa vya samaki, vile ambavyo watu huvitupa, akavipika mpaka vikawa uji wa kunata. Uji ule akaupaka juu ya kitambaa chembamba, kisha akakikausha kwa moshi. Alijaribu miaka miwili, akiunguza na kutupa, akianza tena. Mwishowe akapata utando mwepesi wenye vitundu vidogo mno, jicho haliwezi kuviona. Aliubana utando huo kati ya sahani mbili nene za alumini kwa bolti kumi na mbili, akasukuma maji ya kiwanda kwa pampu ya mkono. Rangi yote ilibaki nyuma ya utando, na upande wa pili yakatoka maji maangavu. Mama Georgette, mama yake Nyota, alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani amejifungua.

Lakini mashine ile ilikuwa na siri, na siri hiyo Assumani hakuijua.

Walipokuwa bado wakiitengeneza, siku ya kutoboa sahani ya chini, bolti zilipungua. "Ninakwenda sokoni kutafuta nyingine," Assumani alisema. "Wewe weka alama tu. Keekee usiiguse mpaka nirudi, umesikia?"

"Ndiyo, papa."

Baba hajafika hata barabarani, mikono ikaanza kumwasha Nyota. Akashika keekee, akaisimamisha juu ya alama ya nane, akazungusha. Keekee ikateleza. Tundu likatokea pembeni, katikati ya alama ya saba na ya nane, mahali pasipo na kazi yoyote. Maskini Nyota! Akachukua penseli yake nyekundu ya shule, akakata kipande cha mwisho, akakipigilia ndani ya tundu kwa nyundo. Akasawazisha kwa tupa, akapaka ulimbo, na juu yake rangi. Ukitazama, husemi kama pana kitu.

Assumani aliporudi aliona keekee imelala upande mwingine. "Umeigusa?"

"Hapana, papa," Nyota alijibu huku akitazama chini. Baba yake alimwamini, wakaendelea na kazi.

Miezi miwili baadaye alikuja mgeni. Alikuwa Injinia Lokangu, mkuu wa karakana ya kiwanda, ndani ya abakosti, ile suti isiyo na tai ya wakubwa wa siku zile, iliyopigwa pasi ikanyooka. Alikula lituma ya Mama Georgette, ndizi zile za kupondwa, sahani mbili, akasifu ndizi, akasifu pilipili, akasifu na mashine.

"Bon, citoyen Assumani," alisema akijifuta mdomo, akimwita raia kama serikali ilivyoagiza watu waitane, "nipe mashine hii nikaionyeshe kwa mkurugenzi. Wiki moja tu."

Wiki moja ikawa wiki kumi. Assumani akiuliza, anaambiwa asubiri. Kisha asubuhi moja, chai ikiwa bado ya moto, redio ya mkoa ikatangaza: Injinia Lokangu, mtoto wa taifa mwenye kipaji, amevumbua mashine ya kusafisha maji machafu kwa utando. Ameomba Kinshasa apewe breve, yaani hati inayosema uvumbuzi ni mali ya nani.

Jamani! Mtu mzima, mwenye vyeti vyake ukutani, anakula chakula cha watu, kisha anakwenda kuandika jina lake juu ya jasho la mwenzake! Mama Georgette alipiga kofi meza. Nyota alilia kwa hasira. Assumani akaizima redio, akasema, "Hapana. Hii sitaikubali."

Kwa msaada wa mwalimu wa Nyota aliandika barua ya pingamizi, akaituma Kinshasa. Mkurugenzi wa kiwanda aliposikia alimwita ofisini. "Sawa," alisema. "Mkaguzi wa breve atakuja kutoka Kinshasa kusikiliza. Lakini ujue, fundi: ukishindwa, utatoka kiwandani siku hiyohiyo, na kila mtu mjini atajua wewe ni mwongo aliyetaka kumwibia injinia."

Mkaguzi alifika Jumanne moja. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani, asiyecheka ovyo. Kikao kilifanyika katika ukumbi wa kulia chakula wa wafanyakazi, na watu walijaa hadi madirishani. Papa Anselme alikuwepo na wavuvi wenzake. Assumani alikuja na Nyota, kwa sababu ndiye aliyemsaidia kazi na alitakiwa kuwa shahidi wake. Mezani palikuwa na mashine mbili: ya zamani, na nyingine mpya inayong'aa, iliyotengenezwa karakana kwa kuiga ile ya kwanza.

Assumani alieleza yote: vibofu, uji, kitambaa, moshi. Papa Anselme akathibitisha kwamba ndiye aliyempa vibofu, ndoo kwa ndoo.

Injinia alicheka. "Mama mkaguzi, alors, hayo yote nilimwagiza mimi. Huyu ni mfanyakazi wangu. Nilifikiri kwa kichwa, yeye akafanya kwa mikono. Kama anabisha, mwulizeni jambo moja tu." Akageuza mashine ya zamani, akaonyesha sahani ya chini. Rangi ilikuwa imekwanguliwa. "Bolti ni kumi na mbili. Matundu ni mangapi?"

Assumani akainama. Akahesabu, akahesabu tena. "Kumi na matatu," alisema polepole.

"La kumi na tatu ni la nini?"

Assumani alikuwa mtu asiyejua kudanganya, hata pale ambapo uongo ungemfaa. "Sijui," akasema. "Tundu hili silijui."

Ukumbi ukalipuka. "Mnasikia?" Injinia alipaza sauti. "Anadai mashine ni yake, matundu yake hayajui!" Akafungua faili lake, akasoma kwa madaha: "'Tundu la kumi na tatu, lenye kizibo cha mti chenye pembe sita na kiini cha kaboni nyeusi. Kazi yake ni kupunguza mgandamizo na kuondoa harufu.' Hiyo ndiyo elimu, citoyens. Keekee peke yake haitoshi."

Mkaguzi alimtazama Assumani, akaandika kitu. Mkurugenzi akaanza kutikisa kichwa. Mabega ya Assumani yalikuwa yameshuka, na Nyota hakuwahi kumwona baba yake hivyo, hata siku ya msiba wa bibi.

Nyota akawaza. Akisema, baba yake atajua kwamba alimdanganya, tena mbele ya kiwanda kizima. Akinyamaza, mwizi atapewa hati. Akamtazama Injinia, jinsi alivyojikunja kitini kwa raha, na hasira ikampanda mpaka kooni. Hasira ikaishinda hofu. Akasimama.

"Mama mkaguzi, lile tundu ni langu."

"Kaa chini, mutoto!" Injinia alifoka.

"Mwache aseme," mkaguzi alisema. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Nyota, mtoto wa Papa Assumani. Lile tundu nilitoboa kwa makosa. Papa alinikataza kugusa keekee, nikaigusa. Nikaogopa. Nikaziba kwa penseli yangu ya shule, nikapaka ulimbo na rangi ili asione. Aliniuliza, nikamwambia sikugusa. Papa halijui kwa sababu nilimficha. Hakuna mtu aliyelifikiria kwa kichwa. Halina kazi!"

Assumani alimgeukia binti yake, mdomo wazi.

"Penseli ya namna gani?" mkaguzi aliuliza.

"Nyekundu. Nilikata upande wa mwisho, ule niliokuwa ninautafuna darasani."

Mkaguzi aliomba koleo. Fundi mmoja akakishika kizibo, akakivuta, akakizungusha, kikatoka. Kilikuwa kifupi kama kucha ya kidole gumba, chenye pembe sita, kimebaki na rangi nyekundu ubavuni. Katikati yake palikuwa na risasi nyeusi ya penseli. Na pembeni, wazi kabisa, alama za meno madogo. Mkaguzi akakiinua kwenye mwanga, akavua miwani, akavaa tena.

"Citoyen Injinia," alisema, "na meno haya, ni ya kupunguza mgandamizo au ya kuondoa harufu?"

Loo! Kicheko kilichotoka mle ndani, nadhani kilisikika mpaka kwenye maporomoko. Papa Anselme alishika mbavu. Injinia alifungua mdomo akasema "Mais... voyons..." kisha akalifunga faili lake. Mkaguzi akaigeuza mashine mpya: na yenyewe ilikuwa na tundu la kumi na tatu, mahali palepale pa upuuzi, na kizibo kilichochongwa vizuri kwa mashine, pembe sita na risasi yake katikati. Aliiga hata kosa la mtoto!

Mkaguzi hakuwa akicheka. "Una elimu nyingi, citoyen," alimwambia, "na umeitumia kumnyang'anya mtu asiye nayo. Ombi lako linafutwa. Nitaandika kwamba mvumbuzi ni citoyen Assumani. Mkurugenzi, watu wako wamesikia yote. Nataka kujua kwa maandishi utakachomfanyia huyu." Mkurugenzi, aliyekuwa akitikisa kichwa sasa hivi, akaanza kukubali kwa kichwa hichohicho.

Hati yenyewe ilifika baada ya miezi minne, ina muhuri mkubwa na jina la Assumani. Injinia alipoteza ukuu wa karakana, na kiwanda kikalazimika kufunga mashine kwenye mfereji wake. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile Nyota na baba yake walirudi Kabondo kwa miguu. Watu waliwapongeza njiani. Assumani aliwaitikia wote, ila na binti yake hakusema neno mpaka walipoingia uwanjani kwao.

"Papa, umenikasirikia?" Nyota aliuliza.

"Ndiyo. Sana." Assumani alikaa juu ya kigoda, akamwita karibu. "Sikiliza, mama. Kuharibu sahani si kitu. Mimi nimeharibu nyingi kuliko wewe. Ungeniambia siku ile, ningekugombeza kidogo, tungecheka, na tundu lako ningelijua. Leo Lokangu angeniuliza, ningemjibu palepale: ni kosa la mwanangu. Angeishia hapo. Lakini ulinidanganya, nikasimama mbele ya watu bila kujua kitu, na yule mwizi akakuta fimbo ya kunipigia. Fimbo hiyo ulimpa wewe."

Machozi yalimtoka Nyota. "Nisamehe, papa."

"Nimekusamehe. Na ninakushukuru, maana leo ulisema kweli ilipokuwa chungu, na watu wazima wengi waliokaa mle ndani wasingeweza. Lakini usingoje tena mpaka mtu anaangamia. Ukikosa, sema siku hiyohiyo. Kosa lililosemwa hurekebishwa. Lililofichwa, mwingine atalilipia, na mara nyingi ni yule anayekupenda."

Mama Georgette, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliongeza kwa ukali, "Na asidhani ameponyoka!"

"Ah, hajaponyoka," Assumani alisema. "Kwa tundu, hakuna adhabu. Kwa uongo, Jumamosi mbili utaosha vibofu vya samaki, peke yako."

Kila mtu nyumbani pale alijua harufu ya vibofu vile. Nyota alikunja pua, akajifuta machozi.

"Ndiyo, papa," alisema. Jumamosi ya kwanza aliosha ndoo nne, na hakulalamika.