Akienda Aende

"Usinishike! Nimesema usinishike, Konadu!"

"Basi punguza sauti, Baffour. Fundi wa chini anasikia."

"Asikie! Si na yeye anakishona? Kumasi nzima inakishona!"

Baffour akakitupa kitambaa juu ya meza ya kukatia. Kimechapwa kiwandani, kinang'aa, zambarau na dhahabu, na ndani yake ile mistari ya ngazi aliyoifuma yeye kwa mkono kule Bonwire, kijiji cha wafumaji, mwaka mzima, kwa ajili ya harusi yao. Konadu alionyeshwa tu. Akaipiga picha, akaichora upya kwenye kompyuta, akaipeleka kiwandani. Alitaka kumshangaza mchumba wake. Na kweli kamshangaza.

"Nilitaka watu wakujue," Konadu alisema. Macho yalimuwasha, gauni la jana bado mwilini. "Chako anavaa tajiri mmoja, anakifungia sandukuni. Hiki anavaa hata muuza kenkey wa njiani."

"Kwani namuoa muuza kenkey?"

Zamani hapo wangecheka.

"Kwetu kitambaa cha harusi hakina jina mpaka bibi harusi akivae," Baffour akasema. "Mfumaji ndiye anayelitaja, mbele ya wazee. Hukujua?"

"Nilijua."

"Na jina nilikuwa nalo."

"Lipi?"

Simu ikalia. Mama Pokuaa, muuza vitambaa wa jumla pale soko la Kejetia. Konadu akataka kuikata, kidole kikateleza, sauti ikajaa chumba kizima:

"Konadu, mwanangu! Ile Akienda Aende imeisha! Wanawake wananirarua hapa! Niletee marobota mengine!"

Akaizima. Too late, maji yalishamwagika.

"Akienda nini?" Baffour akauliza, taratibu.

Ni wale mama wa sokoni. Kitambaa kipya kikifika wanakipa jina wao, na wakishalitoa limetoka, hata chifu halirudishi.

"Sikulitoa mimi, mpenzi. Naapa."

"Najua."

Hakupiga kelele tena. Hapo ndipo Konadu alipoogopa.

"Fuma kingine basi. Nitasubiri."

"Kwa mgongo huu uliokwisha kwa kufuma?" Akacheka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo njiani. Akavaa kandambili zake.

"Baffour. Niambie tu. Lilikuwa jina gani?"

Akamwangalia, kuanzia kilemba hadi miguu, kama anampima kitambaa. Akatoka na jina lake, akaurudisha mlango polepole, kama wa nyumba yenye msiba, mpaka ukashika.