Kiti cha Nyuma

Kiti cha nyuma kilibonyea saa sita mchana, na hapakuwa na mtu.

Mshonaji alidhani ni sponji imechoka. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la Kijapani, kuukuu, aliloachiwa na kaka yake kwa bei ya kutupa. Kila Jumapili walilihangaikia pamoja. Kaka, fundi wa bodi, alikata springi ili gari lilale chini, akafunga rimu za mtumba. Yeye alisugua taa kwa dawa ya meno, akashona kava nyekundu kwa mabaki ya dukani kwake.

"Watadhani ni la waziri," kaka alisema, wakacheka.

Kisha ikaja harufu ya nywele zinazoungua. Siku moja kwenye foleni, vioo vimefungwa, alisikia pumzi ya moto shingoni, na alipotazama kioo cha kati akaona kava ikijikunja polepole, mshono baada ya mshono, kana kwamba mtu mzito anajiweka sawa, anasogea mbele, anamfuata.

Jioni hiyo alikingʼoa kiti. Chini ya sponji palikuwa na fundo la kitambaa: mtandio wake, uliopotelea kwa kaka mwaka jana. Ndani mlikuwa na nywele zake.

Akampelekea kaka yake gereji. "Kaka, nani kaweka hiki?"

Kaka aliweka nyundo chini. "Punguza sauti." Akatazama mlangoni. "Mwanangu alikuwa anakufa, mdogo wangu. Jini la gari lilimkaba. Mganga akasema litahamia kwa mtu wa tumbo moja nami tu."

"Na rimu? Na vicheko vyote vile?"

"Ilibidi ulipende gari kwanza. Bila hivyo jini lisingekukubali."

Alimburuta hadi kwa mganga yule yule. Mganga alifukiza, akasoma, jasho likamtoka.

"Aliyelitoa aseme, 'Narudisha,'" alimwambia kaka. "Litarudi kwako wewe, si kwa mtoto. Nawe nitakutibu taratibu."

Mshonaji alimshika kaka mkono. "Sema. Neno moja tu."

Kaka alitazama viatu vyake. "Nisamehe," akasema, akauchomoa mkono, akatoka. Hatua zake zilisikika kwenye kokoto, kwanza za kutembea, halafu za kukimbia.

Mganga alikuwa tayari anakusanya vitu vyake. Ndipo sauti ikamnongʼoneza mshonaji sikioni, laini, yenye huruma:

"Usilie. Mimi sikuachi."