Gonga, Dada

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha Land Cruiser. Ya pili ilimkosa Sindano, mpelelezi wa kodi, kwa unywele.

Akajirusha ndani ya kiwanda, bastola ya Beretta mkononi, akajibanza nyuma ya mashine ya kijani, ndefu kama ghorofa.

"Sindano, unanipata?" Redio ilikoroma. Alikuwa mkuu wake, Mzee Kipara.

"Nakupata, mzee."

"Mtafute fundi. Bila shahidi hatuna kesi, na meneja wa kiwanda anatoroka kwa ndege leo mchana."

Fundi umeme wa kiwanda ndiye aliyewatonya. Kodi ya kampuni hukatwa kwenye faida: mapato, ukitoa gharama. Kampuni hii ilivuna mapato ya kutisha, ila kila mwaka ilidai faida yote imemezwa na mashine mpya kutoka ng'ambo. Faida hakuna, kodi hakuna. Na muuza mashine huko ng'ambo? Ni huyo huyo mwenye kampuni. Mfuko wa kulia ukiulipa wa kushoto.

Sindano akakanyaga kitu laini.

Fundi. Shati limelowa damu.

"Umechelewa, dada," alinong'ona. "Gonga... hiyo mashine. Gonga, dada."

Akakata roho, bisibisi mkononi.

"Toka, mrembo!" Meneja alifoka kutoka mlangoni. "Shahidi wako kaenda. Utamwambia nini hakimu, kwamba umeota?"

Akafyatua. Risasi ikapenya mashine, ikauchana mkono wa Sindano.

Sindano akalitazama tundu. Mwanga ulipita hadi upande wa pili.

Chuma gani hiki?

Akagonga kwa kitako cha bastola. Ko. Ko. Mbao tupu, rangi juu.

"Ndiyo shabaha hiyo, bosi?" akamcheka. "Hata bibi yangu angenipata!"

Meneja akapandwa na wazimu. Akamimina risasi huku akisogea, mpaka bunduki ikalia kavu.

Sindano akaegemeza bega, akasukuma kwa nguvu zote. Zile gharama za miaka yote zikamwangukia meneja, zikamlaza chali akilia kama ndama.

Akamtia pingu, akashika redio.

"Mzee, fundi amekufa."



"Basi tumekwisha, mwanangu."

"Bado. Leta lori. Nina shahidi wa mbao, mwili mzima matundu."

Akavua koti, akamfunika fundi.

"Nimegonga, kaka."

Akatoka taratibu, damu ikimdondoka vidoleni, wala hakugeuka.