Faili la Garland Pickett

"Kabla hujanichoma na hiyo pini, tazama kwanza hapa," alisema shangazi Opal, akamshushia simu.

Maylene alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, anakunja pindo la gauni lake la harusi. Aliyelivaa gauni lenyewe ni shangazi Opal, amesimama juu ya kigoda kama bibi harusi wa miaka sabini, kwa sababu wawili hao wana kimo kimoja na fundi wa mjini hakuwa na nafasi kabla ya Jumamosi. Tangu asubuhi walikuwa wanacheka tu. Sasa shangazi hacheki.

Kwenye simu kulikuwa na picha ya mwanamume mwenye ndevu na macho mekundu, nyuma yake ukuta mweupe. Kaunti ya Tolliver nzima inaujua ukuta ule. Ni wa jela ya sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, pale wanapopigwa picha wote wanaokamatwa. Chini yake jina, mwaka na shtaka. Mwaka ulikuwa wa zamani kidogo, lakini jina lilikuwa la mchumba wake, Garland Pickett, na shtaka lilikuwa kumshambulia mtu wa nyumbani.

Maylene alizitoa pini mdomoni akazishika kiganjani. Akakaa palepale chini.

Msimlaumu sana shangazi Opal. Pale Tolliver, kina mama wa kanisani huamka, huweka kahawa, na kabla hata Biblia haijafunguliwa wameshaifungua kwenye simu orodha ya waliolala jela, ambayo sherifu huitangaza mtandaoni. Nani kaingia, kwa kosa gani, mtoto wa nani, halafu wanapigiana simu. Wakimaliza ndipo wanamwomba Mungu awasamehe waliokosa. Ila siku hiyo shangazi hakuwa anatafuta umbea; alipokamatwa Garland, yeye alikuwa bado hajaanza kuifungua. Alilitafuta humo jina la Garland kwa mkono wake mwenyewe, kwa hofu.

"Sijafanya kwa ubaya, mwanangu," alisema, akishuka kigodani taratibu asilikanyage gauni. "Wakati wa Rusty niliona nikanyamaza. Nikasema mambo ya mtu na mumewe hayanihusu. Safari hii nimeshindwa kunyamaza."

Rusty alikuwa mume wa kwanza wa Maylene. Huyo hakuhitaji pombe wala sababu. Chakula kikipoa tu, mkono umeshafika. Siku Maylene alipotoka kwenye nyumba ile na mfuko mmoja wa nguo, alijiapiza kwamba hatalala tena chini ya paa la mwanamume anayepiga. Ilimchukua miaka mingi kumruhusu hata huyu Garland, fundi wa matrekta mwenye sauti ya chini, amshike mkono hadharani. Na sasa hii picha.

Alimpigia simu hapohapo, shangazi akiwa bado ndani ya gauni. Upande wa pili nyundo zikanyamaza.

"Garland, uliwahi kukamatwa?"

"Ndiyo."

"Kwa kumpiga mtu wa nyumbani kwako."

"Ndivyo walivyoandika."

"Mimi sikuulizi walivyoandika. Nakuuliza ulimpiga nani."

"Siwezi kukwambia, Maylene."

"Huwezi, au hutaki?"

"Kuna mtu nilimwahidi..."

Alikata. Hakutaka Garland amsikie akilia. Mwanamume asiyetaka kusema alimpiga nani, kuna nini tena cha kusubiri? Muda si mrefu ukaingia ujumbe:

"Niliahidi mdomo wangu hautasema. Lakini faili liko mahakamani, ni haki ya yeyote kulisoma. Lisome lote, usiishie ukurasa wa juu. Ukimaliza ukaona sifai, sitakulaumu."

Naye akajibu: "Harusi isimame kwanza."

Usiku hakulala. Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa sherifu, akamwambia kijana wa dirishani anataka kujua kesi ya Garland Pickett iliishaje. Yule kijana akamweleza kwa upole kwamba wao pale wanaandika nani kaletwa na kwa shtaka gani, basi. Kama alionekana na hatia au la, hiyo ni kazi ya mahakama, avuke barabara amwone karani.

Maylene alisimama kwenye ngazi akilitazama jengo la mahakama lililo mbele yake kabisa. Maisha yake yote alikuwa akiwasikia watu wa Tolliver wakisema fulani alikamatwa, fulani ni mwizi, fulani ni mpigaji, na hakumkumbuka hata mmoja aliyewahi kuivuka barabara ile kuuliza kilichofuata. Hata yeye. Akavuka.

Karani alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba. Aliuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, akabonyezabonyeza kompyuta yake, kisha akatabasamu.

"Haya, bibie, pumua. Kesi iliondolewa. Mlalamikaji hakufika mahakamani."

Alidhani amempa habari njema. Maylene alishika ukingo wa meza. Maneno hayohayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye kesi ya Rusty. Kesi imeondolewa, mlalamikaji hakufika. Mlalamikaji alikuwa yeye, na siku ya kesi alikuwa chumbani, mapazia yamefungwa, jicho moja halifunguki, akisubiri saa zipite. Rusty alirudi kutoka mahakamani akipiga mluzi, na mpaka leo anawaambia watu hajawahi kutiwa hatiani.

Basi na huyu ni walewale. Kuna mwanamke mahali fulani aliyejifungia chumbani kwa sababu ya Garland. Alimshukuru karani akageuka aende zake. Alifika hadi mlangoni. Hapo akakumbuka ule ujumbe, usiishie ukurasa wa juu, na moyo wake ukagawanyika. Kama ataondoka sasa, hilo swali atalala nalo maisha yake yote. Akarudi.

"Samahani, mama. Nataka kulisoma lote."

Faili lililetwa kutoka chumba cha chini, jembamba tu. Karani akampisha kwenye meza ya pembeni. Maylene akalifungua akitafuta jina la mwanamke. Hakuna mwanamke. Palipoandikwa mlalamikaji palikuwa na jina la Ezra Pickett, umri wa miaka sitini na ushei, baba mzazi wa mtuhumiwa.

"Hapa pamekosewa," alimwambia karani. "Shtaka linasema mtu wa nyumbani. Nilijua ni mke, au mchumba."

"Watu wengi wanafikiri hivyo. Ni yeyote mnayekaa naye au wa damu yako. Mke, kaka, babu, wote wamo."

Ezra Pickett. Maylene hakuwahi kuzungumza naye, lakini nani asiyemjua? Mzee wa kanisa, alizikwa na umati, wimbo juu ya wimbo, na picha yake bado inaning'inia kwenye ukumbi wanapokula chakula baada ya ibada. Kwa hiyo Garland alimpiga yule mzee? Baba yake? Akafunua karatasi ya mwisho, maelezo ya askari aliyefika nyumbani kwao siku hiyo.

Aliyasoma polepole. Mlalamikaji alikuwa na damu puani na anasema mwanawe alimsukuma akaanguka juu ya kabati. Mtuhumiwa alikutwa amesimama mlango wa jikoni, hataki kutoka hapo mlangoni, na hakujibu swali lolote. Kisha mstari mmoja chini kabisa: "Mke wa mlalamikaji alikuwa ameketi jikoni, mkono wake wa kushoto umevimba na hauinuki. Alisema aliteleza. Alipelekwa hospitali."

Maylene aliusoma ule mstari mpaka herufi zikamchezea machoni. Aliteleza. Yeye mwenyewe aliteleza bafuni, aliteleza barazani, aligonga mlango wa kabati, kila mara akimwangalia daktari usoni bila kupepesa. Askari aliandika asichokielewa. Maylene alielewa, na alilia pale mezani bila kujificha, mpaka karani akamletea karatasi za kupangusia.

Aliomba nakala ya ukurasa ule, akaendesha gari hadi kwa mama yake Garland.

Mama Nettie alikuwa barazani, bakuli mapajani, anavunjavunja maharagwe mabichi ya karamu ya Jumamosi. Habari ya harusi kusimama ilikuwa haijamfikia. Alimkaribisha, akamwambia chai baridi ipo kwenye friji na ina sukari ya kutosha. Maylene hakuingia ndani. Aliketi karibu naye, akaiweka ile karatasi juu ya meza.

"Mama, samahani. Sikuja kukuhukumu. Na mimi niliwahi kuteleza."

Mama Nettie aliisogeza karatasi karibu na macho. Alisoma, mikono ikasimama. Kisha akaanza kueleza, kwa sauti ya mtu anayezungumza na bakuli. Kwamba Ezra kanisani alikuwa mtu mwingine kabisa. Kwamba siku ile Garland alipita kurudisha ngazi, akakuta baba yake bado ameushika ule mkono. Alimsukuma mara moja tu, kisha akasimama mlangoni asiingie mtu. Askari alikuwa mtu wa kanisani kwao. Akauliza nani kafanya nini, na Nettie akamtazama mwanawe machoni, akamwomba kwa kutikisa kichwa tu kwamba asiseme.

"Nikawaacha wamfunge pingu," alisema. "Baadaye nikamwapisha. Nikamwambia tukisema nitakufa kwa aibu. Ezra mwenyewe hakwenda mahakamani, alijua ataulizwa kuhusu mkono wangu. Basi ikaisha. Nilidhani imeisha."

"Haikuisha, mama. Jana niliisimamisha harusi."

Mama Nettie alifumba macho. Alipoyafumbua aliomba simu yake, akampigia mwanawe, akamwambia aache kila anachofanya aje.

Garland alifika na nguo za kazi, mafuta hadi kwenye viwiko. Alimwona Maylene, akaiona na karatasi, akabaki chini ya ngazi kama mtu anayesubiri kuambiwa aondoke.

"Umesoma lote?" aliuliza.

"Lote."

"Na?"

"Na nimekukosea. Nilikuona kama Rusty."

"Hukunikosea. Ulikuwa na haki ya kuogopa." Alimtazama mama yake. "Nilitaka kukwambia, Maylene. Kila siku nilitaka. Nikimwangalia mama, nashindwa."

Maylene alishuka ngazi akamkumbatia bila kujali mafuta. Alimwambia sikioni kwamba harusi ipo Jumamosi kama ilivyopangwa, na kwamba nyumbani kwao hakuna atakayeapishwa kunyamaza tena. Garland alimshikilia tu.

Mama Nettie aliwaacha mpaka wakatulia. Kisha akauliza jambo lililokuwa likimsumbua tangu alipoishika ile karatasi.

"Garland, yule wakili alikwambia kesi iliyoondolewa unaweza kuomba kumbukumbu zake zifutwe. Jina litoke, picha iondoke kwa sherifu. Nilikusikia ukimwambia utakwenda. Mbona hukwenda?"

Garland aliangalia chini.

"Nilikwenda, mama. Nilifika mpaka kwa karani. Akaniambia wakifuta wanafuta faili zima." Akainua macho. "Hiyo ndiyo karatasi pekee katika kaunti hii inayosema mkono wako uliumia. Kanisani wana picha ya baba. Wewe una huo mstari mmoja tu. Nikasema acha wanione mimi mpigaji, lakini huo mstari ubaki."

Mama Nettie alitazama mkono wake wa kushoto, ule ambao mpaka leo haunyooki vizuri kwenye kiwiko. Machozi yalimtiririka na hakuyapangusa.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Watu wakikuangalia vile. Kwa ajili ya mstari mmoja."

"Ndiyo, mama."

"Jumatatu uende ukafute."

"Mama..."

"Nimesema ukafute, mwanangu. Mdomo ninao."

Akaliweka bakuli chini, akajipangusa mikono kwenye aproni, akamgeukia Maylene na kumwomba ampigie shangazi yake. Maylene alibonyeza namba, akampa simu. Shangazi Opal aliitika kabla haijaita mara ya pili.

"Opal, ni mimi, Nettie. Kahawa unayo? Basi kaa kitako. Na hili nitakalokwambia, kesho asubuhi nataka uwapigie wote, mmoja baada ya mwingine, kama mnavyofanyaga. Nataka kukusimulia alichonifanya Ezra."