Divai ya Papa Ernesto

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vilima vya Masisi wakati Mama Adelaïde alipofika kwenye nyumba ya Papa Ernesto, akiwa na koroboi mkononi. Kesho yake ilikuwa Pasaka ya mwaka wa 1967, na parokia haikuwa na tone la divai. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Sake. Padri wao, Abbé Théophile, alimtuma yeye kwa kuwa ndiye aliyempikia Papa Ernesto, yule Mwitaliano, miaka mingi.

"Chukua chupa mbili tu, Mama," alimwambia. "Akirudi, tutamuelezea."

Akirudi... Tangu siku za vita, miaka mitatu nyuma, watu walisema Papa Ernesto alikimbilia Goma. Hakuna aliyemwona huko.

Adelaïde alikuta ufunguo jikoni, kwenye msumari wake. Kufuli la kave, kile chumba cha chini ya nyumba, lilikuwa limeshika kutu. Likagoma. Kisha likaachia.

Ndani kulikuwa na baridi. Chupa zililala kwenye mbao, kila moja na jina la ukoo wa Papa Ernesto. Kule kwao Piemonte, babu, baba na ndugu zake wote walilima mizabibu, na kila mwaka walimletea masanduku ya divai nyekundu, ile inayotakiwa kulala gizani miaka mingi kabla ya kunywewa. Papa Ernesto alikuwa akizipapasa chupa hizo kama watoto wachanga. "Usiziamushe, Adelaïde," alizoea kusema.

Akachukua chupa ya kwanza.

Ko... ko... ko...

Sauti ilitoka nyuma kabisa, kwenye pipa kubwa la mbao. Panya, alijiambia. Panya tu. Lakini hapo hapo akasikia harufu ya tumbaku. Tumbaku ya kiko, ile ya Papa Ernesto. Mbichi, kama mvutaji amesimama begani mwake.

Akanyoosha mkono kwenye chupa ya pili.

Ilikuwa ya moto. Kama kitu kilichotoka kukumbatiwa.

"Adelaïde..."

Sauti haikutoka kwenye pipa. Ilitoka ndani ya chupa.

Hakujua alipandaje zile ngazi. Alipofika parokiani, aliweka chupa zote mbili mezani haraka, kama mtu anayetua kaa la moto.

Asubuhi kanisa lilijaa. Abbé akainua kikombe, akanywa. Muda ukapita, kikombe bado mdomoni. Kisha akawageukia waumini, akasema kwa sauti nzito, sauti ya mzungu aliyejifunzia Kiswahili jikoni:

"Adelaïde, fungua. Huku iko giza."

Watu wakageuka kumtazama Adelaïde.

Abbé akapangusa midomo, akaendelea na misa. Baadaye aliapa kwamba hakusema neno lolote zaidi ya sala.

Alasiri hiyo walishuka kwenye kave pamoja: Adelaïde, Abbé, na Léonard, fundi seremala. Léonard alibandua kifuniko cha lile pipa kubwa, akaruka nyuma. Papa Ernesto alikuwa amekaa humo, amekumbatia magoti. Mifupa na koti. Mbao za ndani zilikuwa zimekwaruzwa tangu chini mpaka juu.

"Alijificha wakati wa vita," Abbé alisema. "Masikini."

Léonard aliangalia misumari aliyoing'oa kwenye kifuniko. Akanong'ona, "Lakini hii ilipigiliwa inje, Abbé."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Wakamzika kando ya kanisa, kwa sala zote. Adelaïde akadhani yameisha. Lakini siku zilivyokwenda Abbé alikonda, akaanza kuogopa kikombe, hata baada ya barabara kufunguka na divai nyingine kuletwa kutoka Goma. Jioni moja akamwita Adelaïde nyuma ya kanisa.

"Mama Adelaïde, mule ndani ya pipa, tulikuta watu wangapi?"

"Mumoja, Abbé. Ulimuona na macho yako."

"Njo vile, mumoja tu. Lakini kila nikikunywa, nasikia na mwengine."

"Mwengine ni nani?"

"Ni mwanamuke. Sijue luga yake." Akasogea karibu. "Iko anabembeleza mutoto, Mama. Kila siku. Na mutoto hanyamazi."

Adelaïde alipika katika nyumba ile miaka mingi, alifagia kila chumba ila kave, aliyoifagia Papa Ernesto mwenyewe, alitandika kila kitanda.

Hakuwahi kuona humo mwanamke. Wala mtoto.