Mkaguzi Aliyehesabu Kisichoandikwa

Saa saba mchana kibanda cha fundi viatu, pale mlangoni mwa jengo refu la maofisi, kilikuwa kimejaa, na benchi lilikuwa moja tu. Upande mmoja alikaa dada aliyevaa gauni la kijani la mikono mirefu, mguu mmoja una kiatu, mwingine una ndala ya kuazimwa. Upande wa pili alikaa kijana wa shati jeupe, lililopigwa pasi vizuri mbele na kusahauliwa mgongoni. Naye alikuwa na kiatu kimoja na ndala moja. Wakatazamana miguu kabla ya kutazamana nyuso. Ndala zilikuwa jozi.

"Basi usinikimbie," akasema dada.

"Nikimbie wapi, na ndala mwenzake umeivaa wewe?"

Katika kungoja wakaambiana kazi zao. Kijana alikuwa akitengeneza programu ghorofa ya nne, kwa mkataba wa muda. Dada angeanza Jumatatu, ghorofa hiyohiyo, katika kipindi cha majaribio, kazi yake kukagua programu za wenzake. Kijana akasema kwamba hapo amekutana na adui. Dada alipoinuka kuondoka akalitazama lile shati kwa nyuma, akacheka, na tangu siku hiyo akamwita Bwana Mgongo. Yeye akaitwa Mkaguzi.

Mapenzi yao hayakuwa na kelele. Kila jioni baada ya chakula simu ililia, wakaongea mpaka sikio likapata moto, wakahamia sikio la pili. Bwana Mgongo alimwambia wazi kwamba mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi. Programu yake ikipita ukaguzi ataajiriwa moja kwa moja, na akiajiriwa atakwenda kwao Mkaguzi kujitambulisha. Mkaguzi alijibu kwamba mlango wa kwao haujawahi kuuma mtu.

Programu yenyewe ilikuwa dibaga. Kwa asiyeijua, dibaga hukaa juu ya programu nyingine na kuiendesha polepole, hatua kwa hatua, ili mwenye kutafuta kosa aone ilipojikwaa. Programu ikiitwa, hutajwa jina lake, kisha hufuatishiwa maneno ya kazi, ambayo wao huyaita hoja. Ukiiita kupitia dibaga, hoja hizo unaikabidhi dibaga, nayo inatakiwa izifikishe zilivyo. Sehemu hiyo ya kufikisha ndiyo aliyoitengeneza Bwana Mgongo kwa miezi minane, na ndiyo aliyopewa Mkaguzi kuipima.

Mkaguzi alikuwa na programu yake ndogo isiyojua kazi nyingine ila kurudia ilichoambiwa, kila hoja kwenye mstari wake, ndani ya mabano. Aliandika vipimo arobaini. Akatuma jina lenye nafasi katikati, lenye nyota, lenye alama za kunukuu ndani ya alama za kunukuu. Zote zikafika salama, naye akatabasamu kama mama anayehesabu watoto wakirudi shule. Kipimo cha thelathini na nane kilikuwa na hoja tatu, namna programu ya kuandikisha wagonjwa inavyoitwa: jina la kwanza, jina la pili, namba ya wodi. Ya katikati aliiacha tupu, kwa mgonjwa asiye na jina la pili. Zikatoka mbili. Ile tupu haikufika, na namba ya wodi ikawa imekaa mahali pa jina.

Akarudia mara tano. Akaiita programu ileile bila dibaga, zikatoka tatu. Basi kosa lilikuwa kwenye dibaga, sehemu ya Bwana Mgongo.

Ofisi ile ilikuwa na sharti: kosa likionekana liandikwe ubaoni saa ileile, kabla halijaambiwa mtu, lisije likazikwa na urafiki. Mkaguzi akainuka, akachukua kalamu, akaandika.

Bwana Mgongo alitoka kikaoni akakuta wenzake wanne wamesimama mbele ya ubao. Mmoja akasema kwamba leo amekaguliwa mpaka mifupa. Akacheka nao. Kisha akamfuata Mkaguzi kwenye chumba cha chai.

"Ungenipigia simu. Ningerekebisha, nani angejua?"

"Mimi ningejua."

Bwana Mgongo akamwambia kwamba hoja tupu alishaipima mwenyewe, ikapita. Mkaguzi akasema kwake haikupita.

"Wewe uko kwenye majaribio," akasema Bwana Mgongo kwa sauti ya chini. "Ulikuwa unatafuta ngazi. Umeipata, ni mgongo wangu."

Mkaguzi akaweka kikombe mezani taratibu, chai haijanywewa, akarudi kitini kwake.

Siku tisa simu haikulia. Jioni aliiweka kando ya sahani, akala huku akiitazama. Siku ya sita mama yake akamwambia, "Simu haiivi kwa kutazamwa, mwanangu," akamwongezea mchuzi.

Jumamosi Bwana Mgongo, nyumbani kwa dada yake alikokuwa akiishi, alifungua kipimo chake cha zamani ili athibitishe kwamba Mkaguzi ndiye aliyekosea. Kipimo hicho kilitoa hoja zote kwenye mstari mmoja, nafasi katikati yake. Hoja tupu ikifika, zingeonekana nafasi mbili, isipofika, moja. Naye alikuwa akitazama kwa macho tu. Akatia mabano, akajaribu tena. Hoja tupu haikuwa imefika hata siku moja, tangu mwezi wa kwanza wa kazi ile.

Dada yake akapita na beseni la nguo, akamuuliza ana nini.

"Nimemwonea mtu."

"Sasa unaziambia nguo zangu? Kamwambie mwenyewe."

Kulikuwa na jambo jingine. Angeweza kutia kiraka kikavuka vipimo vyote arobaini na ajira akaipata. Lakini hoja tupu ikiwa ya mwisho, bado ingepotea, na kipimo cha namna hiyo Mkaguzi hakuwa nacho. Kuitibu kabisa kulihitaji kuandika upya sehemu nzima, kazi ya mwezi.

Jumatatu asubuhi alikwenda ubaoni, chini ya mwandiko wa Mkaguzi akaandika kosa la pili kwa mkono wake. Madamu, mkuu wao, alisoma, akavua miwani. Alimwambia kwa upole kwamba nafasi ile haitangoja mwezi; atapewa mwingine, na kazi yake ikabidhiwe Ijumaa.

Mkaguzi alipofika akausoma ubao mara mbili. Alimkuta kijana kwenye ngazi za nyuma, amekaa.

"Nilikuonea," akasema Bwana Mgongo. "Kipimo changu ndicho kilichokuwa kipofu. Nisamehe."

"Hilo la mwisho nisingeliona."

"Najua."

Mkaguzi akakusanya gauni, akakaa kando yake.

"Nilitaka nije kwenu nina ajira," akasema kijana. "Sasa sina. Bado nataka kuja."

"Baba atakuuliza unafanya kazi wapi."

"Nitasema sina kazi."

"Atauliza kwa nini umeikosa."

"Nitamwambia kwamba..." akaanza Bwana Mgongo.

"Hapo unyamaze," akasema Mkaguzi, akamshika mkono. "Hilo nitalijibu mimi. Njoo Jumapili."